Jiwe Chini ya Kichwa cha Aziliz

Mwaka ule mavuno ya ngano nyeusi yalitukuta tumeshachoka. Mvua ilikuwa imetuharibia majani ya mifugo, ikabidi tuyakate mara mbili, na kabla migongo haijanyooka ngano nayo ikaiva. Watu walikuwa wakiingia kwangu kunywa bakuli la pombe ya matufaha na kusinzia wameshika bakuli. Mimi mwenyewe niliwahi kulala nimesimama jikoni, mwiko mkononi, chapati ikaungua mpaka mbwa akaikataa. Nasema haya ili ujue kwamba msimu ule sikuwa na subira na mtu yeyote, na hasa sikuwa na subira na Bwana Fermont.

Bwana Fermont alikuwa mchoraji kutoka Paris. Alipanga chumba cha juu katika nyumba yangu ya wageni majira yote ya joto, akawa anafuta brashi zake kwenye shuka zangu za kitani, zile nilizoletewa siku ya arusi yangu. Asubuhi alitoka na sanduku la rangi na fremu yake ya miguu mitatu, jioni akarudi na mti wa buluu.

"Bwana," nikamwuliza siku moja, "wapi umeona mti wa buluu hapa kwetu?"

"Mama Tefani, wewe unatazama majani. Mimi nautazama mti wenyewe."

"Na mimi nikikupikia supu ya buluu?"

Akacheka sana. Alikuwa mtu mwema, sikatai, ila ulikuwa wema wa mtu anayelala vizuri. Kibretoni, lugha yetu, alikijua cha kuombea mkate tu. Mengine yote nilimtafsiria mimi, maana Kifaransa nilikiokota kwa wageni, na wengi kijijini hawakijui.

Sasa Aziliz. Aziliz alikuwa mjane wa Lom, na Lom alikuwa mtoto wa pekee wa bibi mmoja anayeitwa Barba. Kifua ndicho kilichomwua Lom, mwezi wa Februari, akaacha mke, binti mdogo aitwaye Mai, na mama ambaye hata kabla ya msiba hakuwa mtu wa maneno. Tulimzika vizuri. Baada ya misa ya kutimiza wiki nguo zake zikafungwa zote pamoja akapewa ombaomba, kama inavyotakiwa, naye ombaomba huzivaa kanisani Jumapili na kumwombea mwenye nguo. Ikibaki nyumbani hata soksi moja, marehemu hapumziki. Hilo tunalijua tangu tukiwa watoto. Ombaomba wetu ni Yann Chongo. Tulimwona kanisani ndani ya suruali ya Lom, na Barba akamtazama kutoka benchi la mbele kwa macho makavu kabisa. Nilimwogopa siku ile.

Shamba lilikuwa la Barba, nyumba ya Barba, ng'ombe wa Barba. Aziliz alikuja pale na sanduku la nguo tu. Baada ya msiba alishika mundu wa mume wake, akafanya kazi ya mume na ya mke, na jioni wanawake wale wawili wakala supu yao kila mmoja akitazama upande wake. Sijui kama walichukiana. Nadhani kila mmoja alimwogopa mwenzake.

Mjane wa kwetu huteremsha mbawa za kilemba chake cheupe zikamwangukia mabegani, na hazipandishi mpaka misa ya kutimiza mwaka. Akizibana juu kabla ya hapo, ameitangazia parokia nzima kwamba anatafuta mwanaume, na nyumba ya mumewe haimtambui tena. Anatoka yeye, mtoto anabaki. Nilimwona mmoja akitolewa hivyo nilipokuwa msichana. Alipita mbele ya nyumba hii na sanduku begani, mtoto wake akilia dirishani kule nyuma, na hakuna aliyetoka kumsaidia kubeba. Hata mama yangu hakutoka.

Siku moja Aziliz aliniletea siagi, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Dada Tefani, hivi yule mgeni wako ana akili timamu?"

"Kafanya nini?"

"Ananiomba nilale."

Nikaweka kisu chini. "Anakuomba nini?"

"Si hivyo unavyofikiri wewe! Jana adhuhuri nilijilaza chini ya mwaloni, pale mwisho wa shamba. Nafungua macho, namwona amesimama na turubai lake, anachora. Leo kanifuata tena, eti nilale vilevile kama jana. Mguu hapa, mkono pale. Nikipitiwa na usingizi wa kweli, kichwa kinageuka, ananiita. Dada, kulala huku unatazamwa ni kazi kuliko kukata ngano."

"Si umkatalie?"

"Nikatae kulala?" Akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka tangu Februari. "Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniomba nilale. Nimemwambia achore atakavyo, mradi asinisimamishe."

"Na Barba anajua?"

Kicheko kikaisha. "Mama analala upande ule, nyuma ya miganda. Sisi hatulali pamoja."

Nikamwangalia akitoka. Mbawa zake zilikuwa chini, zimetiwa wanga, safi. Miguu aliiburuta kama mwenye kuvuta jembe. Nikajiambia hakuna ubaya hapo, mwache mtoto wa watu apumzike, hata kama ni kupumzika kwa kuagizwa.

Ubaya ulikuja Jumapili ya Sikukuu ya Msamaha, siku ya mtakatifu wetu, ambapo parokia nzima hutembea na bendera zake mpaka kwenye chemchemi na kurudi, kisha parokia nzima huingia kwangu kunywa. Nilikuwa jikoni tangu alfajiri. Bwana Fermont, ambaye angesafiri kesho yake, aliona ni vyema kuitundika picha yake sebuleni ili watu waione. Hakuniuliza. Angeniuliza ningekwenda kuitazama kwanza, na angeitundika chumbani kwake akaitazama peke yake.

Mwanzo nilisikia vicheko tu, nikafurahi.

"Huo mwaloni una homa!"

"Ng'ombe wangu akiona nyasi za njano namna hiyo atahama parokia."

"Na huyo je, kalewa au kafa?"

"Tazama miguu, bwana. Huyo ni Aziliz. Miguu ile naijua."

Kisha ikasikika sauti ya Gaid, mke wa mpiga kengele, mwanamke ambaye macho yake yangefaa kukodishwa kwa polisi. "Jamani," akasema. "Mbawa."

Nikatoka jikoni na mikono yenye unga.

Lazima niseme nilichoona, maana nilikwenda pale na hasira na hasira ikanipotea. Shamba la ngano iliyokatwa lilikuwa jekundu, na kweli huwa jekundu, hilo nilimkubalia. Mengine aliyatunga. Kila kitu alikizungushia mstari mzito mweusi. Katikati alikuwa Aziliz, amelala kwa ubavu, viatu vya mbao vimevuliwa, mikono imefunguka kama imeangusha kitu na haina nguvu ya kukiokota. Chini ya macho alimpaka kijani. Chini ya kichwa alimwekea bunda la rangi ya chungwa, kama gunia hivi, ncha yake moja imetupwa kwenye nyasi. Niliwahi kuzicheka picha zake zote, hii sikuicheka. Uchovu ule ulikuwa wangu pia. Nilitamani nimsukume kidogo Aziliz nijilaze pembeni yake.

Lakini mbawa za kilemba zilikuwa juu. Zote mbili, nyeupe, zimebanwa juu kabisa, ni kitu cha kwanza jicho linachokiona.

"Kwa hiyo huko chini ya mwaloni hujibana mbawa," Gaid akasema. "Kwa ajili ya nani, sasa?"

"Funga mdomo, Gaid."

"Mimi nimechora? Nasoma tu kilichoandikwa."

Nikamgeukia Bwana Fermont. "Umefanya nini hapa? Mbawa zake zilikuwa juu?"

"Hapana, zilikuwa chini. Lakini zikiwa chini picha nzima inalala. Ile nyeupe ilitaka kupanda."

"Ishushe! Ishushe picha sasa hivi!"

"Bado mbichi, Mama Tefani, itaharibika."

Tulikuwa bado tunabishana Aziliz alipofika mlangoni, amemshika Mai mkono. Alitazama ukutani. Sikuhitaji kumweleza. Mkono wake ukambana yule mtoto mpaka akalia "Mama, unaniumiza." Hakumwachia. Nikajua anaona kile nilichokiona mimi nikiwa msichana: sanduku begani na mtoto dirishani.

Kuna mtu alikuwa ameshakimbia kumwita Barba. Siku zote yupo mtu kama huyo.

Barba aliingia taratibu, fimbo mkononi, bado na vumbi la maandamano kwenye sketi. Watu wakampisha. Akasimama mbele ya picha, akaitazama muda mrefu, na mle ndani kila mtu alikuwa amesahau kunywa. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwombea Aziliz, nikayakosa. Nilikuwa nimechoka mno, na nilimwogopa yule bibi.

"Nani kazipandisha hizi?" akauliza.

Nikamtafsiria mgeni. Mgeni akajigonga kifuani: yeye, yeye mwenyewe, kwa sababu ya ile nyeupe.

"Atasema nini kingine," Gaid akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote.

Barba hakugeuka. "Gaid, kilemba cha huyu nakitia wanga mimi. Nakipiga pasi mimi, kila Jumamosi. Mbawa hizi hazijapata tundu la kibanio tangu mwanangu azikwe. Lingekuwepo ningeliona. Wewe tazama vilemba vya nyumbani kwako."

Watu wakacheka kwa nafuu, na Gaid akakumbuka kwamba ana kiu. Aziliz akaegemea mlango, nikamwona akifumba macho kidogo. Yameisha, nikafikiri. Nikageuka nirudi kwenye chapati zangu.

Barba hakuondoka. Alikuwa amesogea karibu zaidi na picha, pua karibu iguse rangi. Hatazami mbawa tena. Akainua kidole, akakipeleka mpaka kwenye lile bunda la rangi ya chungwa, kwenye ile ncha niliyoidhania ya gunia. Ilikuwa mkono wa koti. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka cha pembe tatu, na mgeni, ambaye miti aliibadilisha atakavyo, kile kiraka alikuwa amekichora kama kilivyo.

"Tefani," Barba akasema. "Toa watu."

Niliwatoa. Niliwaambia kuna pipa jipya uani, na mtu aliyetoka kwenye maandamano huhitaji sababu ndogo zaidi ya hiyo. Mai alitoka na mke wa fundi viatu. Tukabaki wanne: wao wawili, mchoraji asiyeelewa neno, na mimi niliyejifanya nafuta meza.

"Alianguka kwenye mkokoteni," Barba akasema, bado anaitazama picha. "Alikuwa na miaka ishirini. Nilikata aproni yangu nikalishona koti hili usiku uleule, maana kesho yake alikuwa na arusi ya rafiki yake. Uliniambia nguo zote zimekwenda kwa Yann."

Aziliz hakujaribu kudanganya. "Zote, isipokuwa hilo."

"Liko wapi?"

"Kwenye ghala, Mama. Chini ya majani. Adhuhuri nalichukua. Usiku sipati usingizi. Nikilaza kichwa juu yake napata. Najua nimemkosesha Lom pumziko, najua. Nitaondoka mwenyewe, hutahitaji kunifukuza. Niachie tu Mai. Nakuomba, Mama, niachie Mai."

Nilikuwa nafuta mahali palepale kwenye meza. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na nilijua sheria ni ya nani. Kuvunja tanga kabla ya wakati ni aibu ya watu. Hili lilikuwa la marehemu.

Barba akavuta benchi, akaketi. Ilimchukua muda kuketi. Magoti yake hayakutaka. Akauweka mkono wake juu ya fimbo.

"Bado lina harufu yake?"

Aziliz hakuelewa. Wala mimi.

"Nakuuliza. Bado linanuka yeye?"

"Kidogo," Aziliz akasema. "Kwapani tu. Kwingine kote ni majani."

Barba akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei na kuiona ni haki. Kisha akaanza kulia, yeye aliyetazama suruali ile kanisani bila kupepesa. Alilia bila kujificha, pua na macho.

"Mimi nilimfuata Yann," akasema. "Jumapili ileile, baada ya misa. Nilimkuta njia panda. Nilibeba mkate mzima na siagi, nikamwomba anirudishie hata fulana. Unajua aliniambia nini, chongo yule? 'Mama Barba, hutaki mwanao apumzike?' Nikarudi nyumbani na mkate wangu. Tukaula mimi na wewe, ule mkate. Ulisema ni mtamu."

"Nakumbuka."

"Miezi yote hii napita pale ghalani. Napita kila siku, Aziliz. Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Mimi je? Unadhani mimi sikuogopa? Nilijua ukigundua nilikwenda kumwomba, utasema mama gani huyu."

Aziliz akaenda akaketi kwenye benchi lile, mbali kidogo. Baadaye haikuwa mbali. Hawakukumbatiana, watu wa kwetu hatuna mazoea hayo. Barba alijifuta uso kwa ubawa wa kilemba cha mkwewe, ule aliokuwa ameupiga pasi jana yake, kisha akauangalia ulivyoharibika.

"Nitaupiga pasi tena," akasema. Halafu akaniita mimi. "Tefani, acha hiyo meza, umeshaitoboa. Gaid ameona mbawa ndiyo maana hakuona koti. Akilala akaamka ataliona. Mwambie huyu bwana aliondoe."

Nikamwambia. Bwana Fermont akaruka.

"Kuiondoa ile rangi ya chungwa? Mama Tefani, hiyo ndiyo inayoishikilia picha yote! Nikiitoa, buluu inaanguka!"

"Iache ianguke."

"Na kichwa chake nikiweke juu ya nini? Hewani?"

Nikamwuliza Barba. Akafikiri.

"Jiwe," akasema. "Mashamba yetu hayakosi jiwe."

Alibisha, akazunguka chumba, akashika kichwa, akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba mwenye kichwa ndiye aliyetaka. Mwishowe aliwatazama wale wawili kwenye benchi, na sidhani kama alielewa, lakini alikwenda juu akaleta sanduku lake. Akapaka jiwe la kijivu, lenye mstari mweusi kulizunguka, pale lilipokuwa koti la Lom. Mbawa zilibaki juu. Barba alisema ziache, huko Paris hakuna anayezisoma.

Picha ikaondoka kesho yake. Miaka michache baadaye nilipata mgeni mwingine, mchoraji pia, akaniambia aliiona imetundikwa mahali, mabwana na mabibi wamesimama mbele yake. Walikuwa wakisikitika, akasema. Walisema watazame watu wa mashamba, wamezoea taabu mpaka jiwe kwao ni mto wa kulalia. Nikamwongezea supu. Sikuwa na nguvu za kuanza kueleza.

Lakini wiki ile ya sikukuu, mavuno yakiwa bado hayajaisha na sisi tukiwa bado tumechoka vilevile, nilipita adhuhuri karibu na shamba la Barba nikiwapelekea vibarua mkate. Chini ya mwaloni koti lilikuwa limetandazwa, jeusi, kuukuu, mikono imefunguliwa huku na huku. Aziliz amelala juu ya mkono mmoja. Barba amelala juu ya mwingine, ule wenye kiraka, mdomo wazi, anakoroma, mbawa za vilemba vyao zimechanganyika kwenye nyasi. Padri angesema Lom hapumziki. Mimi sijui. Kengele ilipolia kuwarudisha watu kazini, hakuna hata mmoja wao aliyejigeuza, na mimi sikuwaamsha.